Kibuyu cha Uzi Mweusi

Shule ya Wasichana ya Kyandula,
Migwani.
6 Mei 1984

Mama mpendwa,

Nilifika salama, na kikohozi kimeisha, usianze na hicho.

Kwanza, uniandikie kwa Kiswahili. Najua Kikamba kingekuwa rahisi kwako, lakini matroni wetu mpya, Bi Abdiya, ametoka Garissa, na kila barua anaifungua kabla hajatupatia. Ile asiyoweza kuisoma anaiweka kwenye droo mpaka shule ifungwe. Mwenzangu Muthoki ana barua nne ndani ya hiyo droo.

Sasa mambo ya vibuyu. Narudia yote, maana siku niliyovitundika juu ya jiko ulikuwa unafukuza mbuzi na sidhani ulisikia zaidi ya nusu. Kibuyu chenye uzi mwekundu kina kunde za Susu, mama yako, pamoja na dawa yangu, ule unga wa maganda ya machungwa na kiluma, ile shubiri ya porini, kilichokaushwa. Kibuyu chenye uzi mweusi kina kunde zile zile za Susu, bila chochote. Bila chochote, Mama. Hicho ndicho kitasema kama dawa inazuia fukusi au haizuii. Kila Jumapili ya pili, ukitoka kanisani, toa kunde mia moja kwa kila kibuyu bila kuchagua, hesabu zenye tundu, halafu uzirudishe zote, hata zilizoharibika. Uniandikie hesabu.

Hapa shuleni haiwezekani. Stoo ilipulizwa sumu, fukusi hawaishi humo. Mwalimu Kiema wa klabu anataka jiko la kweli, la mtu anayeweka mbegu kweli.

Klabu yetu ya uvumbuzi ina wasichana tisa sasa. Ijumaa Mwalimu anatuletea kitu kilichovunjika na kila mtu anatafuta matumizi kumi. Wiki hii ilikuwa sufuria isiyo na kitako. Mimi nilifika kumi na nne. Mumbua alisema yeye akiolewa atamvika mumewe shingoni akirudi amelewa, ili ajulikane ni wa nani. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema hiyo pia ihesabiwe.

Sijasahau neno la Baba. Nikipata nafasi kwenye kongresi ya sayansi pale Kitui mwezi wa saba, naendelea mpaka fomu nne. Nisipopata, natoka shule, naenda kumsaidia mama mdogo Kasyoka na hoteli yake Kambu. Nitapata. Wewe chunga tu vibuyu.

Mtoto wako,
Nzilani

*

Mukuyuni,
20 Mei 1984

Kwa mama yangu Nzilani,

Nakuita mama kama siku zote kwa sababu jina ni la mama yangu, matroni asifikiri nimechanganyikiwa. Bi Abdiya, kama unasoma, hujambo. Huyu mtoto kifua chake hakipendi maji baridi ya asubuhi. Nakuomba kama mzazi.

Nimehesabu. Nilitandika mkeka nje nikakaa. Uzi mwekundu hakuna hata moja yenye tundu. Uzi mweusi ni tatu. Nilirudia mara tatu kwa sababu kuku alimeza moja ya uzi mwekundu, nikatoa nyingine badala yake, nilifumba macho nisichague.

Ile mvua ya mwezi wa nne ndiyo ilikuwa yote. Mahindi yalifika magotini yakakataa. Ng'ombe wawili wa jirani Ndululu wamekufa, na baba yako kila asubuhi anawasalimia wetu kwa majina kabla hajatusalimia sisi. Lakini usiwe na wasiwasi, tunakula vizuri.

Nataka kuuliza kitu kimoja na usinicheke. Hiyo dawa yako ikiua fukusi, mbegu yenyewe itaota? Nauliza kwa sababu zile kunde zingine za Susu, za kwenye ghala, tumezipika. Hizi za vibuyu viwili ndizo zimebaki.

Kula. Hata kama chakula ni kibaya, kula.

Mama yako,
Mbula

*

Shule ya Wasichana ya Kyandula,
Migwani.
10 Juni 1984

Mama mpendwa,

Barua yako ya tarehe tatu ilifika jana. Mwekundu moja, mweusi kumi na moja. Moja na kumi na moja. Nilikimbia nayo mpaka nyumba za walimu, na Mwalimu Kiema alitoka na povu la sabuni shavuni. Alichora hesabu zako ubaoni mbele ya klabu yote. Mstari wa chini umelala kama nyoka aliyeshiba na wa juu unapanda. Akasema, "Mnaona huu mstari? Umechorwa na mama mmoja huko Mukuyuni na mkeka wake." Wenzangu walipiga makofi, Mama. Walikupigia wewe.

Muthoki anatengeneza jiko la udongo linalopika kwa kuni mbili. Amelibomoa mara saba. Mwalimu anasema kubomoa ndiyo somo lenyewe, kule darasani tunafundishwa majibu ya watu waliokufa.

Uliuliza kama mbegu itaota. Bado sijui. Mwalimu anasema jaribio moja linajibu swali moja, la kuota tutalifanya mwaka ujao. Kwa sasa acha vibuyu kama vilivyo. Hasa kile cheusi. Najua kinakuuma kukiangalia, lakini kadiri kinavyoharibika ndivyo mimi ninavyopita.

Matroni alisema nikuambie hajambo, na sasa ninaoga saa kumi jioni, peke yangu. Wasichana wananiita Bibi wa Waziri.

Mtoto wako,
Nzilani

*

Mukuyuni,
18 Juni 1984

Mdogo wangu Kasyoka,

Na wewe Mumina wa dukani, najua ni wewe unamsomea, kwa hiyo soma yote usiruke, hata mahali nitajitukana. Ningemwandikia kwa Kikamba kama angekubali kwenda ngumbaru tulipoenda sisi. Yeye alisema macho yake ni ya kuangalia chai isichemke ikamwagika. Haya.

Kasyoka, nimefanya kitu. Unakumbuka nilikuambia juu ya vibuyu vya Nzilani, kimoja kina dawa, kingine niliambiwa nisitie kitu. Jana nilitoa mia za uzi mweusi. Ishirini na nne zina tundu. Ukiweka sikio kwenye kibuyu unawasikia, wanakula kama mvua iliyo mbali. Hizo ni kunde za mama, Kasyoka. Zile alikuja nazo akiolewa, alizifunga kwenye leso. Za ghala tulimaliza. Hapa watu wanangoja mahindi ya manjano ya serikali, na hayo si ya kupanda. Mvua ikija, mbegu ni hizi peke yake. Kibuyu kimoja kina dawa ya mtoto, na nilimuuliza kama mbegu itaota, akasema hajui. Kile kingine kinaliwa mbele yangu na nimeambiwa nikae niangalie.

Nilisema nitachambua tu zile mbovu. Mikono ikachambua. Halafu mikono yenyewe ikaenda kwa majivu. Nilichekecha majivu ya kinyesi cha ng'ombe, laini, vile mama alitufundisha kuzuia fukusi, nikachanganya. Ilikuwa kama kumfunika mtoto blanketi. Nilipokuwa nafunga ule uzi mweusi ndipo akili ilirudi, nikaona nimefanya nini.

Sasa nitamwambiaje? Barua zinafunguliwa na matroni. Matroni atamwambia mwalimu, na mwalimu atatupa kazi yote ya mtoto. Na unamjua mume wangu Nzomo, neno lake akishalitoa halirudi mdomoni. Asipopita Kitui, mtoto anatoka shule. Nimemtumia hesabu niliyofanya baada ya kuchambua, mwekundu moja, mweusi mbili. Hesabu ni ya kweli, Kasyoka. Kibuyu ndicho kinadanganya.

Niambie nifanye nini. Ni mimi mjinga,
Mbula

*

Kambu,
26 Juni 1984

Bi Mbula,

Mimi Mumina naandika vile mdogo wako anasema. Amesimama hapa na birika mkononi, anamwaga chai kwenye karatasi yangu.

Anasema wewe dada yake ni mjinga kweli. Nimemuuliza kama niandike hivyo hivyo, amesema ndiyo, na herufi ziwe kubwa.

Anasema upepete majivu yatoke, uache fukusi warudi wale. Nimemwambia fukusi si kuku, huwaiti kwa jina wakaja.

Anasema basi nenda Migwani mwenyewe, hata kama ni kwa miguu, umwambie mtoto kwa mdomo. Mdomo haufunguliwi na matroni.

Anasema pia, na hapa analia kwa hiyo sina hakika nimesikia vizuri, kwamba angekuwa yeye, angetia majivu vile vile.

Mimi naongeza yangu, unisamehe. Nzilani alipita hapa mwaka jana akatengeneza mlango wa duka langu kwa kipande cha mpira wa gari, mpaka leo unajifunga wenyewe. Hapa Kambu malori yanasimama, watu wanakula, wanaondoka. Msichana kama huyo asiletwe hapa kusuuza vikombe. Mwambie ukweli kabla ya Kitui.

Mumina Sugow, kwa mkono wake.
Kasyoka ameweka kidole hapa chini. Ni chai, si damu.

*

Shule ya Wasichana ya Kyandula,
Migwani.
1 Julai 1984

Mama mpendwa,

Hesabu yako ya tarehe kumi na saba imenishinda. Kibuyu cheusi kilikuwa na kumi na moja, sasa kina mbili? Mama, tundu haliwezi kuziba. Fukusi akishatoka ndani ya kunde ametoka, ameacha mlango wazi.

Mwalimu Kiema ameniuliza mara mbili nani anahesabu. Nimekaa na hizo namba tangu Jumatano. Nimefikiria kuku. Nimefikiria watoto wa Ndululu. Nimefikiria hata Baba.

Kuna kitu kilifanyika? Niambie tu. Mwalimu anasema bado tuna wiki tatu, na kama kitu kiliingia, tutaandika kwenye karatasi kwamba kiliingia siku fulani, kwa sababu fulani, na majaji wanaheshimu hivyo. Jaribio lililoharibika likielezwa bado ni jaribio. Lisiloelezwa ndilo linatupwa.

Sitakasirika. Nakuomba, Mama.

Nzilani

*

Mukuyuni,
8 Julai 1984

Mama yangu Nzilani,

Hakuna kitu kilifanyika. Ni mimi. Ile tarehe tatu nilihesabia ndani jikoni na kulikuwa na moshi, macho yangu unayajua, nikaona matundu mahali hakuna. Andika mbili. Futa ile kumi na moja. Mwambie mwalimu mama yako amezeeka.

Jumapili iliyopita, mwekundu moja, mweusi mbili. Labda ni baridi ya mwezi huu, hata fukusi wanajikunyata.

Nilitaka kuja kukuona huko Migwani. Nilivaa viatu nikafika mpaka mtoni. Halafu nikakumbuka baba yako yuko peke yake na yule ng'ombe mwekundu, ameanguka na haamki, nikarudi. Alikufa Jumanne. Si ng'ombe tu aliyenirudisha, lakini tuachie hapo.

Vibuyu vitakuja na Nzioka, dereva wa lori ya mahindi ya manjano, atapita shuleni tarehe ishirini na moja. Nimevifunga kwa lile shuka la kitanda chako. Kunde nimezipepeta vumbi, na vibuyu nimevipangusa nje na ndani vikawa safi. Kuna na sweta. Ivae Kitui, watu wasione umekonda.

Ninakuombea sana. Ninaomba mpaka mchungaji ameniuliza nani ni mgonjwa kwetu.

Mama yako,
Mbula

*

Shule ya Wasichana ya Kyandula,
Migwani.
29 Julai 1984

Mama mpendwa,

Tulirudi kutoka Kitui jana. Muthoki amekuwa wa pili na lile jiko lake, anaenda Embu kwenye mashindano ya mkoa. Mimi sikupata nafasi.

Jaji wangu alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusoma na mwingine wa kuangalia watu. Alimwaga kunde mezani, akahesabu mwenyewe. Mwekundu mbili, mweusi tatu. Akasema, "Binti, dawa yako na kukosa dawa ni mtu na dada yake." Watu wakacheka, si sana. Halafu akaona kwenye karatasi mahali nilipofuta kumi na moja. Akauliza nani alikuwa anahesabu. Nikasema mama yangu. Akauliza mama yako alisoma wapi. Nikasema ngumbaru, kanisani Mukuyuni. Akasema kwa upole kabisa, "Basi labda mama hajui kuhesabu. Kazi kama hii usimpe mtu ambaye hakusoma."

Nikamwambia mama yangu anajua kuhesabu. Nikamwambia dawa yangu ndiyo mbaya.

Akaandika vile nilisema. Nina karatasi yenyewe: Dawa haina kazi.

Daftari langu nililiacha Kitui kwenye pipa. Usiulize kwa nini. Klabu pia imekwisha, mwalimu mkuu anasema mwaka wa njaa si mwaka wa michezo, na kile chumba chetu kimejaa magunia. Ijumaa iliyopita hatukukutana. Mumbua alibaki na ile sufuria isiyo na kitako, anaweka mswaki.

Mwambie Baba sitabishana naye. Shule inafungwa Ijumaa.

Nzilani

*

Mukuyuni,
9 Septemba 1984

Mama yangu Nzilani,

Ulikaa hapa wiki tatu na sikuweza kufungua mdomo. Kila siku nilisema leo. Ulikuwa unachota maji, unafagia, unakunja blanketi, na hukuuliza kitu. Asubuhi ile baba yako alipokupeleka barabarani na lile sanduku kupanda gari la Kambu, nilikuwa nimeshika mlango, nilikuwa na maneno yote tayari, nikasema tu, "Umebeba sweta?"

Sasa hakuna matroni, ningeweza kuandika kwa Kikamba. Lakini mkono wangu ulikudanganya kwa Kiswahili, wacha useme ukweli kwa hicho hicho.

Nilitia majivu. Ile tarehe kumi na saba ya mwezi wa sita. Nilichambua zenye tundu nikazitupia kuku, halafu nikatia majivu kwenye kibuyu cheusi. Zilikuwa ishirini na nne, mama. Na tarehe tatu zilikuwa kumi na moja kweli, hakukuwa na moshi wowote. Macho yangu ni mazima. Wewe uliniandikia uniombe, ukaniambia bado kuna wiki tatu, na mimi nikakujibu hakuna kitu. Ningesema wakati ule ingeandikwa kwenye karatasi. Niliogopa matroni, niliogopa baba yako, niliogopa hata wale wasichana walionipigia makofi. Nikaona heri niitwe mzee kuliko niitwe aliyeharibu.

Dawa yako si mbaya. Ni mimi. Dawa yako ilifanya kazi kila wiki, na mimi nikasimama kando yake na majivu.

Nimemwambia baba yako yote. Nilifikiri atanipiga. Alikaa kwenye kile kigoda mpaka jua likamfikia miguuni. Halafu akasema shule imeshatoa nafasi yako kwa mwingine, aliuliza. Kumbe alienda kuuliza. Hakuniambia alienda lini.

Nakuomba uniandikie hata kama ni kunitukana.

Mbula, mama yako

*

Kambu,
30 Septemba 1984

Mama,

Barua yako ilifika. Mumina alitaka kunisomea kwa mazoea, nikamwambia mimi najua kusoma.

Nilijua. Nilijua tangu ile barua ya Julai. Tundu haliwezi kuziba, kwa hiyo mtu alichambua, na aliyechambua ni wewe, kwa sababu hata mimi ningechambua. Ulinifundisha kuchambua kabla sijajua kusema vizuri. Na Nzioka alipoleta vibuyu, niliingiza kidole chote kwenye kile cheusi. Ulivipangusa, lakini kwenye shingo kulikuwa na majivu. Nilinusa. Kulinuka nyumbani.

Siku ile Kitui niliweza kusema. Mwalimu Kiema alikuwa nyuma yangu, na siku vibuyu vilipofika aliona majivu kwenye kucha yangu, nafikiri yeye pia alijua. Lakini wewe ulikuwa umeandika kwa mkono wako kwamba hakuna kitu. Ningesema kuna kitu, ningekuwa nimesimama mbele ya watu wa Kitui nikisema mama yangu ni mwongo. Yule mzee alikuwa ameshasema hujui kuhesabu. Kulikuwa na vitu viwili mezani, wewe na dawa, na alitaka nimpe kimoja akiandike kibaya.

Kwa hiyo usiseme ni wewe peke yako. Nilichagua.

Lakini Mama, kuna kitu sikujua kingetokea. Nilipotamka kwamba dawa ni mbaya, niliamini. Hata sasa nikiamka najua si kweli na bado naamini. Zamani nikiona kitu kimevunjika kichwa kilikuwa kinaanza chenyewe kuhesabu, moja, mbili, tatu, kitafanya hivi, kitafanya vile. Jana birika la mama mdogo lilitoboka. Nililiangalia muda mrefu. Nikaliona tu ni birika limetoboka.

Hapa si kubaya. Naamka, nasuuza vikombe, malori yanaondoka.

Usiniandikie juu ya kunde tena.

Nzilani

*

Mukuyuni,
26 Mei 1985

Mama yangu Nzilani,

Uliniambia nisiandike juu ya kunde, na nimekaa miezi minane nikitii. Kasyoka anasema u mzima na unafanya kazi, na kwamba hucheki, lakini pia hulii. Nisamehe, leo nakosa utiifu mara moja, halafu nitanyamaza.

Mvua ilikuja mwezi wa kumi, unajua. Nilianza kupanda vibuyu vyote viwili ulivyorudi navyo kutoka Kitui, cheusi upande wa mawe, chekundu upande wa mto, halafu nikaona si haki, nikang'oa kamba za kupimia nikapanda upya, mstari wa hizi kando ya mstari wa zile. Za majivu ziliota nzuri. Za dawa yako ziliota zote. Zote, mama, na ndizo zilizotangulia. Nilikaa chini pale pale shambani.

Tulipovuna mwezi wa pili nilichukua vile vibuyu, nikafunga uzi ule ule. Kwenye mwekundu nilitia kunde na dawa iliyobaki kwenye mkebe wako wa kakao chini ya kitanda. Kwenye mweusi nilitia kunde za mama, nyingi, nzuri kuliko zote, nikafunga. Nikatundika. Nimehesabu kila Jumapili ya pili kwa wiki kumi na mbili, kwenye mkeka, nje, kuku wamefungiwa.

Baba yako wiki ya nane alisimama akasikiliza kile kibuyu cheusi, akasema, "Mama Nzilani, zinaisha." Nikamwambia naziacha. Akaenda akaleta kigoda, akakaa na mimi. Sasa yeye ndiye anaandika na mimi nahesabu.

Nilimtumia Mwalimu Kiema hesabu hizi. Barua ilirudi, wameandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba amehamishwa, hawakusema wapi. Nikaipeleka kwa mchungaji, akasema ni kazi nzuri, akaniuliza ni ya nini. Sina mtu mwingine wa kumwandikia ila wewe, na wewe hutaki. Kama hutasoma, mpe Mumina asome, hata akiwa peke yake dukani.

Wiki ya pili, mwekundu hakuna, mweusi nne.
Wiki ya nne, mwekundu hakuna, mweusi kumi na tatu.
Wiki ya sita, mwekundu moja, mweusi ishirini na saba. Hapa ndipo mikono ilianza. Nilikaa juu yake.
Wiki ya nane, mwekundu moja, mweusi arobaini na tisa.
Wiki ya kumi, mwekundu mbili, mweusi sabini na moja.
Leo, mwekundu mbili. Mweusi tisini na tatu, na zile saba zingine ukizigusa zinakuwa unga.

Kunde za mama zote za kibuyu kile zimekwisha. Sikuchambua. Sikutia kitu, mama. Sikutia kitu.

Mbula